KH ngapi inafaa kwa tangi la matumbawe? Uzi wa wafugaji wa maji chumvi

Mwamba_Kunduchi (mwanzisha uzi, Dar es Salaam)

Wakuu, habari za muda huu.

Swali linalojaa kwenye ujumbe wangu ni hili: "Mkuu, KH yangu inasoma 7.2, niipandishe hadi ngapi?" Mwingine ana 11 na anataka kuishusha. Nimeona nifungue uzi tulijadili hadharani, maana matumbawe mengi yanakufa kwa sababu mwenye tangi anafukuzia namba aliyoiona kwa mfugaji wa Ujerumani au Marekani, mtu ambaye maji yake, taa zake na umeme wake havifanani na vya kwetu.

Kwa wageni kidogo. KH, yaani alkaliniti, ni uwezo wa maji kuhimili asidi. Kwenye maji ya bahari uwezo huo unatokana zaidi na baikaboneti na kaboneti. Tumbawe linachota hizo pamoja na kalsiamu ili kujenga mfupa wake, ambao ni kaboneti ya kalsiamu ya aina ya aragonaiti. Likikua, KH inashuka. Kalsiamu nayo inashuka, ila hutaiona mapema, kwa sababu maji ya bahari yana kalsiamu nyingi (kama mg 410 hadi 420 kwa lita) na alkaliniti kidogo. Kila digrii 1 ya KH inayoliwa huondoka na mg 7 hivi tu za kalsiamu kwa lita. Tangi linaweza kutoka KH 8 hadi 4, likawa hoi kabisa, huku kalsiamu bado inasoma 390 na mwenyewe anasema "vipimo viko sawa". Kama uwezo wako ni kununua kipimo kimoja tu cha madini, nunua cha KH.

Vizio vinachanganya watu, tuvimalize hapa. Meq 1 (miliekwivalenti) kwa lita ni sawa na digrii 2.8 za KH, na ni sawa na ppm 50 (sehemu kwa milioni) za kaboneti ya kalsiamu. Mtu akikwambia alkaliniti yake ni 2.9 usishtuke, ana digrii 8. Akisema 143, ni hizo hizo 8.

Bahari yenyewe, penye chumvi ya 35 kwa elfu, huwa na digrii 6.5 hadi 7. Kwenye matangi wafugaji wengi wanakaa kati ya 7 na 11, na matumbawe mazuri yamefugwa pande zote mbili za ukanda huo. Ukiuliza "namba sahihi ni ipi" hupati jibu mpaka useme mambo matatu: tangi lako linakula KH kiasi gani kwa siku, maji yako yana naitreti na fosfeti (virutubisho vinavyotokana na chakula na kinyesi cha samaki) kiasi gani, na nyumbani kwako kitu gani huharibika mara kwa mara. Hilo la tatu halimo kwenye makala nyingi za wenzetu, lakini kwetu sisi ndilo linaloamua.

Chukua tangi lenye SPS waliojaa, yaani Acropora na Montipora, matumbawe ya mawe yenye polipi ndogo (polipi ni kile kinyama chenye mikono kinachojitokeza kwenye mfupa). Tangi la namna hiyo linaweza kula digrii 1 hadi 2 kwa siku. Ukiliweka 7 kama bahari, umeme ukakatika na pampu ya dozi (inayotia madini kidogo kidogo) ikazima kwa siku nzima bila wewe kujua, unaamka kwenye 5.5. Bahari inaweza kukaa 6.8 miaka yote kwa sababu ni kubwa, haimalizwi na matumbawe yake. Lita 300 za sebuleni zinamalizwa. Ndiyo maana kwa watu wengi wa huku msimamo wangu ni 8 hadi 8.5. Unakuwa na akiba ya kuanguka salama, na hujapanda mpaka kule juu ambako kosa dogo linaunguza ncha.

Karibuni. Mwenye msimamo tofauti aulete, ila aje na vipimo vyake vyote, siyo KH peke yake.

Nyali254 (Mombasa)

Ndugu, heshima kwako, lakini hapo kwa 8 nakataa. Tangi langu liko 10.5 na Montipora zangu zinafunga mwamba. Nilipokuwa chini zilikuwa zimekaa tu, hazikui hazifi. Kwa nini unawafundisha watu kuogopa KH ya juu?

Mwamba_Kunduchi

Nyali, siogopi 10.5. Nataka kujua inakaa kwenye maji gani. Tupe naitreti na fosfeti.

Nyali254

Naitreti 15, fosfeti 0.12. Nina samaki wengi na nawalisha vizuri, siwezi kukataa.

Mwamba_Kunduchi

Basi wewe uko sawa kabisa, na tangi lako ndilo mfano ninaoutaka. KH ya juu inalisukuma tumbawe lijenge mfupa haraka. Lakini mfupa unafunikwa na nyama, na nyama inahitaji naitrojeni na fosforasi. Kwako chakula kipo, kwa hiyo nyama inaufuata mfupa. Sasa mchukue mwenzako ambaye naitreti yake inasoma sifuri, fosfeti 0.01, anatia vodka au siki kulisha bakteria wasafishe maji, halafu anaiga 10.5 yako. Mfupa unakimbia, nyama inabaki nyuma. Ncha za Acropora zinakuwa nyeupe, zinachunika, kisha mwani unapanda juu ya mfupa ulio wazi. Wafugaji wanaita kuungua ncha, na taa inalaumiwa bure.

Kanuni ninayoitumia ni hii: maji makavu yasiyo na virutubisho, kaa 7 hadi 8. Maji yenye chakula kama ya Nyali, 8.5 hadi 10.5 yanabebeka. Juu ya 11 sioni faida inayolingana na hatari, maana huko kaboneti inaanza kujigandisha yenyewe kwenye hita na ndani ya pampu badala ya kwenda kwa tumbawe. Ukifungua pampu ukakuta rotori imevaa ganda jeupe gumu, hilo ganda ni KH na kalsiamu uliyoinunua kwa pesa yako.

Na magnesiamu isisahaulike. Bahari ina kama mg 1,280 kwa lita. Kazi yake kubwa hapa ni kuzuia fuwele za kaboneti zisikue ovyo. Ikishuka sana utatia KH asubuhi na jioni na haitapanda, kwa sababu inaganda mara tu inapoingia.

Pwani_Toronto

Naongeza kitu kinachomuunga mkono Nyali. Mwaka 2014 watafiti walimwaga hidroksidi ya sodiamu kwenye maji yanayopita juu ya mwamba wa One Tree Island, Great Barrier Reef, kuongeza alkaliniti ya bahari yenyewe. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2016: mwamba ulijenga kaboneti zaidi kwa kama asilimia 7. Nia yao ilikuwa kuonyesha kwamba tindikali inayoingia baharini kutokana na hewa ya ukaa inapunguza ujenzi wa miamba tayari hivi sasa. Kwa hiyo matumbawe kujenga haraka alkaliniti inapopanda si maneno ya madukani, limepimwa baharini.

Huku Kanada shida yangu ni nyingine. Majira ya baridi nyumba inafungwa miezi, pH ya tangi (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) inashuka hadi 7.8. Muuzaji aliniambia nitie KH zaidi ili pH ipande. Ni ushauri sahihi?

Mwamba_Kunduchi

Ahsante kwa utafiti huo, unafaa kusomwa na kila anayedhani mambo haya ni starehe tu.

Kuhusu pH, ushauri huo ni dhaifu. pH yako imeshuka kwa sababu hewa ya ukaa imejaa ndani ya nyumba na inayeyuka majini. Hewa ya ukaa inashusha pH, lakini haibadilishi alkaliniti. Ukipandisha KH kutoka 8 hadi 10 na hewa ya nyumba ikabaki ile ile, pH itapanda kwa kama 0.1 tu. Umebadilisha kitu kikubwa kupata kidogo. Vuta hewa ya skima (mashine ya povu inayosafisha maji) kutoka nje kwa mpira unaopita dirishani, au ipitishe kwenye chombo cha chembe za soda laimu zinazonyonya hewa ya ukaa. Mwani ukiwashiwa taa usiku kwenye sampu (tangi la chini la vichujio) nao unasaidia, kwa kuwa unaitumia hewa hiyo wakati tangi la juu liko gizani.

Kama bado unataka dozi inayosaidia pH, badilisha aina ya dozi na uache namba ya KH ilipo. Nitalieleza hapo chini kwenye chokaa.

Bi_Maskati (Muscat)

Assalaam alaykum nyote. Mie ni mgeni kidogo. Tangi langu lita 250 za maji halisi ukitoa mawe. Nina hammer na torch (matumbawe ya mawe yenye polipi kubwa), leather mbili (matumbawe laini), na vipande vya Montipora. Natumia chumvi ya Red Sea Coral Pro. Nyumba yetu kiyoyozi hakizimwi kuanzia Aprili, kwa hiyo hilo la pH lanihusu na mie.

Suala langu: kila nikibadilisha maji, hammer zanywea siku mbili tatu kisha zafunguka. KH yangu hucheza kati ya 8 na 9. Najitahidi sana na usafi, sijui nafanya kosa gani.

Fundi_Kioo (Arusha)

Dada, angalia chumvi. Hiyo Coral Pro ikichanganywa kufikia 35 inatoa karibu digrii 12. Imetengenezwa kwa watu wanaotaka kukaa juu. Red Sea wana nyingine ya ndoo ya bluu inayotoa karibu 8.

Mwamba_Kunduchi

Wa alaykum salaam Bi Maskati, karibu. Fundi amegusa penyewe. Tupige hesabu. Tangi liko 8, unatoa asilimia 20 ya maji, unaweka mapya ya 12. KH inaruka hadi 8.8 ndani ya nusu saa. Kisha tangi linakula linashuka tena mpaka ubadilishe mengine. Hammer hazinywei kwa sababu ya 8 wala ya 8.8, zote mbili zinazifaa. Zinasumbuliwa na ule mruko.

Siri ya chumvi ni ndogo: chagua ile ambayo ikichanganywa inakaribiana na KH uliyoamua kuishi nayo. Kwako wewe mwenye matumbawe laini na LPS (hao wa polipi kubwa) wengi, ningechagua 8 hadi 8.5 na chumvi inayotoa 8. Usimwage ndoo uliyo nayo, imalizie kwa kubadilisha maji kidogo kidogo, asilimia 5 kwa mara moja, mruko utakuwa wa digrii 0.2 tu.

Halafu hakikisha rifraktomita yako (kipimo cha chumvi) imesawazishwa kwa maji ya kupimia ya 35, siyo kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) peke yake. KH inakwenda na chumvi. Mtu akichanganya hadi 38 bila kujua, KH, kalsiamu na magnesiamu zote zinapanda kwa pamoja na anadhani ndoo ni mbovu. Kwa ninyi mnaochota maji ya Ghuba hili ni la kwanza kabisa, maana maji ya ndani ya Ghuba yanavuka 40 kwa sababu ya jua na uhaba wa mito. Kwanza punguza kwa maji ya RO (yaliyochujwa mpaka yakabaki bila madini) hadi 35, ndipo upime KH.

Nyali254

Hapo kwa maji ya bahari nami nichangie, sisi wa pwani tunayatumia sana. Chota wakati wa bamvua, maji yakiwa yanajaa, mbali na mlango wa mto na mbali na hoteli. Wakati wa masika usiguse, mito inaleta tope na maji baridi, KH inashuka pamoja na chumvi na unabeba mbolea za mashamba ndani yake. Chuja kwa kitambaa kizito, yaache gizani siku kadhaa na pampu ikizungusha. Yangu yakiwa 35 husoma kama 6.8, kwa hiyo kabla ya kuyatia tangini nayapandisha kwenye pipa hadi yafanane na tangi.

Mwamba_Kunduchi

Hilo la kupandisha pipani kabla ya kutia ni la muhimu sana, watu wengi wanaliruka.

Niseme jambo jingine linalogusa pwani. Maji chota, lakini tumbawe usichume. Matumbawe ya mawe yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini), na ndani ya hifadhi zetu za bahari ni kosa kisheria hata kuvunja kipande. Vipande vya kukatwa kutoka tangini kwa mwenzako vinashika vizuri zaidi kuliko cha baharini, kwa sababu vimeshazoea maji ya tangini.

Mgeni_Chumvi (Tanga)

Wakuu naomba kuuliza. Hiyo dozi ya kupandisha KH hapa Tanga siipati, na kuagiza ni ghali. Nimesikia ni soda tu. Naweza kutumia magadi ya sokoni?

Mwamba_Kunduchi

Mgeni, hapana, magadi usitie. Magadi ya sokoni ni mawe yanayotoka kwenye maziwa kama Magadi na Natron. Ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, kweli, lakini yanakuja na tope, chumvi nyingine na floraidi nyingi. Floraidi hiyo ndiyo inayochangia meno ya kahawia kwa watu wanaoyapikia maharage miaka mingi. Huwezi kujua kila bonge lina nini, kwa hiyo huwezi kupiga hesabu ya dozi.

Unachotafuta ni soda ya kuokea iliyo baikaboneti ya sodiamu tupu. Soma pakiti: viambato viwe kimoja tu. Unga wa kuumulia keki ule wenye wanga na asidi ndani yake siyo huo, na hamira ni kitu kingine kabisa.

Hesabu yake ni nyepesi. Gramu 3 za baikaboneti zinapandisha lita 100 kwa digrii 1. Tangi la Bi Maskati la lita 250 likiwa linakula digrii 0.4 kwa siku linahitaji gramu 3 za soda kila siku, na ili kalsiamu isibaki nyuma, gramu 2.6 hivi za kloridi ya kalsiamu ile dihaidreti. Viyeyushe kila kimoja kwenye maji yake ya RO. Usivikutanishe. Tia kimoja asubuhi na kingine jioni, mahali maji yanapokwenda kasi. Ukivimwaga pamoja utaona maji yanageuka maziwa, na hapo dozi yote imekuwa vumbi la chokaa.

Soda hiyo hiyo ukiitandaza kwenye sinia ukaioka ovenini kwa saa moja, moto wa nyuzi 180 hivi, inatoa mvuke na hewa ya ukaa na kugeuka kaboneti ya sodiamu. Uzito unapungua kwa zaidi ya theluthi, na sasa gramu 1.9 zinafanya kazi ya zile 3. Tofauti ni kwamba hii inapandisha pH, wakati baikaboneti haiipandishi. Pwani_Toronto na Bi Maskati wenye nyumba zilizofungwa waitumie hii, tena polepole, maana inawasha ngozi na inaweza kugandisha ikitiwa kwa pupa.

Fundi_Kioo

Na chokaa, mkuu. Uliahidi.

Mwamba_Kunduchi

Naam, chokaa. Hidroksidi ya kalsiamu ikiyeyushwa kwenye maji ya RO mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi, chini ya gramu 2 kwa lita, ule utando wa juu ukiachwa na machicha yakabaki chini, unapata maji angavu yenye alkaliniti na kalsiamu kwa uwiano ule ule tumbawe linaoutumia. Dozi moja, madini mawili, hakuna chumvi ya ziada inayobaki. Na inakula hewa ya ukaa majini, kwa hiyo pH inapanda. Kwa tangi la lita 250, lita 1 ya maji hayo inaongeza kama digrii 0.45. Bi Maskati, hilo ndilo tumizi lako la siku nzima, na kwa kiyoyozi chako tangi linapoteza zaidi ya lita moja kwa mvuke. Yaani unaweza kulimaliza jambo lako kwa kujazia maji yaliyopungua kwa maji ya chokaa, bila pampu mbili za dozi.

Masharti yake nayasisitiza. pH ya maji hayo inazidi 12. Yaingie tone kwa tone, usiku zaidi, wala yasimwagwe kwa kikombe. Linda macho na watoto. Tumia chokaa safi ya daraja la chakula au ya maabara. Chokaa ya kupaka ukuta na ile ya tambuu siziamini kwa tangi, zinatoka kwenye tanuri zenye majivu na udongo. Wazee wetu wa Lamu na Unguja walichoma matumbawe hayo hayo kupata chokaa ya kujengea nyumba zao, na ilikuwa chokaa imara, ila ukuta haudhuriki na fosfeti kama Acropora.

Pia chokaa ina mpaka. Tangi la SPS linalokula digrii 2 kwa siku haliwezi kushibishwa na mvuke peke yake. Huyo aende kwenye dozi mbili (soda na kloridi ya kalsiamu), au riakta ya kalsiamu (chombo kinachoyeyusha kaboneti ya kalsiamu kwa hewa ya ukaa).

Mgeni_Chumvi

Ahsante sana mkuu. Kipimo changu ni kile cha matone, kila tone digrii moja. Kinatosha?

Fundi_Kioo

Nikujibu mimi. Kinatosha kwa kuanzia ukifanya ujanja mmoja: chukua maji mara mbili ya kiasi kilichoandikwa, kisha kila tone lihesabu kama nusu digrii. Cha sindano kama Salifert kinakupa usomaji mwembamba zaidi. Hanna Checker (kifaa cha kielektroniki) ni rahisi kusoma kwa wenye macho yasiyotofautisha rangi vizuri, lakini nayo ina kosa lake, toleo la HI772 linaruhusiwa kupishana digrii 0.3 pamoja na asilimia 5 ya usomaji. Kwa hiyo mtu anayesema KH yangu ni 8.37 anajidanganya.

Na mtu ahakiki kipimo chake. Mizani ya sonara, gramu 2.4 za baikaboneti kavu kwenye lita 1 ya maji ya RO. Chukua mililita 100 za hayo, ongeza RO mpaka lita 1. Umepata maji ya digrii 8. Kipimo chako cha matone au sindano kikisoma 9.5 kwenye maji hayo, unajua kinakuzidishia kwa 1.5. Kwa Hanna usifanye hivi, ile imetengenezewa maji chumvi, itumie na maji yake ya kuhakikia.

Mwamba_Kunduchi

Fundi, hapo umewaokolea watu pesa nyingi sana. Niongeze: ukibadilisha chupa ya kitendanishi (dawa ya kipimo), pima na ya zamani na mpya siku moja kabla ya kugusa dozi. Nimeona watu wanapandisha KH kwa digrii nzima kumbe kilichobadilika ni chupa.

Nyali254

Swali langu la mwisho. Tangi jipya ambalo halina matumbawe, KH yake inashuka pia. Nani anaila?

Mwamba_Kunduchi

Wengi wanaila. Mwani wa zambarau unaofunika mawe nao unajenga kwa kaboneti. Na bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti wanatoa asidi: naitreti ikipanda kwa mg 50 kwa lita, KH imeshuka kwa kama digrii 2.3. Tangi lenye samaki wengi na naitreti inayopanda kila wiki litakula KH hata bila tumbawe. Ikitokea naitreti inaondolewa na bakteria wa mahali pasipo na oksijeni, alkaliniti hiyo inarudi. Kwa hiyo usikadirie dozi kwa kuangalia idadi ya matumbawe. Pima leo saa mbili usiku, pima kesho kutwa saa ile ile bila kutia chochote katikati, gawanya kwa mbili. Hilo ndilo tumizi lako.

Bi_Maskati

Nimepima kama ulivyosema kaka. Juzi 8.8, leo 8.0, saa ile ile. Ni 0.4 kwa siku kweli, umekisia vyema. Naitreti 5, fosfeti 0.05. Sasa niamue ngapi, na niifikie vipi? Na pindi ikizidi, nitie siki kuishusha?

Mwamba_Kunduchi

Kwa vipimo hivyo amua 8.2 na ukae hapo. Una virutubisho vya wastani, matumbawe yasiyo na pupa, na tumizi dogo. Hata dozi ikikosekana siku tatu utakuwa 7, mahali ambapo bahari yenyewe inaishi. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa naisema mwanzo.

Anza na mililita 500 za maji ya chokaa kila usiku kwa tone, pima baada ya siku mbili. Ikiendelea kushuka, panda hadi 750, kisha lita. Ukikuta imeteleza hadi 7.4 usiirudishe kwa mkupuo. Nusu digrii kwa siku inatosha, digrii moja ndiyo kikomo. Ikizidi usitie siki wala asidi yoyote. Punguza dozi, matumbawe yataila yenyewe. Na umeme ukizima, dozi zilizopotea usizilipe kwa pamoja siku ukirudi, endelea na ya kawaida na uongeze kidogo mpaka ufike.

Wiki mbili za mwanzo pima kila siku mbili. Mstari ukinyooka, mara moja kwa wiki. Ila siku yoyote ukiongeza tumbawe kubwa, ukibadilisha taa, au ukiona polipi zimejifungia bila sababu, rudi kwenye kila siku mbili, kwa sababu tumizi limebadilika hata kama namba bado ni ile ile.

Bi_Maskati

Nimefahamu. Leo usiku naanza na hizo mililita 500. Ntaleta vipimo Ijumaa.